Aina ya Samaki

Katika kamusi za Kiswahili kuna maneno matatu ambayo kila mwanafunzi wa lugha hii amekwisha kukutana nayo mara zisizohesabika: “aina ya samaki.” Mtu akitafuta maana ya changu, tasi, mkundaji au kolekole, aghalabu hayo ndiyo atakayoyapata, pengine yakifuatwa na neno moja au mawili kuhusu rangi au ukubwa. Si uongo. Changu ni aina ya samaki, na tasi vilevile. Hata hivyo, ufafanuzi wa namna hiyo ni mithili ya kumwambia mgeni anayeulizia njia kwamba nyumba anayoitafuta ni aina ya nyumba.

Mwalimu mmoja aliyefundisha Kiswahili kwa miaka 31 katika shule ya upili iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Kenya aliishi na maneno hayo matatu kama mtu anavyoishi na deni. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wakulima wa chai na kahawa. Samaki waliyemjua ni yule wa mtoni, au tilapia aliyekaangwa katika hoteli za mjini. Walipokutana na misamiati ya bahari katika ushairi au riwaya, waliuliza maswali ambayo kitabu cha mwalimu hakikuwa na majibu yake. Tasi anafanana na nini? Kwa nini mtu mwenye usingizi mzito asemwe ana usingizi wa pono, wala si wa mamba au wa kobe? Mwalimu alikuwa na daftari lenye jalada la buluu ambamo aliandika kila neno la bahari lililomshinda kulieleza, akiacha nafasi mbele yake. Alipostaafu, daftari lilikuwa na maneno 46 na nafasi 46.

Huenda lingebaki hivyo kabatini lau si ugonjwa. Daktari alimpima macho akagundua presha ya macho, ambayo haimpofushi mtu kwa mara moja bali hula uoni kidogo kidogo kutoka pembeni kuelekea katikati. Dawa ya matone huuchelewesha ugonjwa, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Mwalimu hakulalamika. Alimuuliza bintiye, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya Kiswahili jijini Nairobi, kama ni kweli kwamba mtu asiyejua kuogelea anaweza kutazama samaki wakiwa majini. Binti akamjibu kuwa inawezekana, na kwamba mahali pa kwenda ni Wasini.

Binti alirudi kwa daktari peke yake kuuliza swali ambalo babake asingeliuliza. Jibu lilikuwa wazi: asivae ile miwani midogo ya kuogelea inayobana mboni za macho, kwa maana huongeza presha ndani ya jicho, miwani mikubwa ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua kwa pamoja, haina ubaya huo mradi isikazwe kupita kiasi, naye asizame chini bali aelee juu tu. Kwa hiyo safari ilipangwa: siku tatu, mwezi wa Februari.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimuliwa. Gari la moshi hadi Mombasa, kivuko cha Likoni, kisha barabara ya kusini kupitia Ukunda, Msambweni na Ramisi hadi njia panda ya kuingilia Shimoni. Jina la mji huo latokana na mapango yake, ambamo kumbukumbu ya wenyeji inasema watumwa walifungiwa wakingoja kupakiwa vyomboni. Mwalimu aliingia pangoni, akasimama kidogo, akatoka bila kusema neno. Toka hapo ni mkondo mwembamba wa bahari tu unaomtenga mtu na kisiwa.

Wasini ni kisiwa chembamba, urefu wake upatao kilomita 5 na upana wake kilomita 1 hivi. Hakuna magari. Ardhi yenyewe ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe, na kwa sababu hiyo maji matamu yamekuwa taabu ya vizazi na vizazi. Watu walizoea kukinga mvua na kuihifadhi katika majabia. Lugha ya hapo ni Kivumba, lahaja ambayo mwanafunzi wa isimu huikuta katika orodha ya lahaja za kusini mwa pwani ya Kenya, huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau. H. E. Lambert aliichapishia uchunguzi mwaka 1957. Binti alikuwa ameusoma. Jambo lililomshangaza ni kwamba watoto waliokuwa wakicheza gatini walikuwa wakiizungumza kwa sauti kubwa, bila habari yoyote kwamba wao ni lahaja.

Nahodha aliyewapokea alikuwa mzee wa makamo ya Mwalimu mwenyewe, mvuvi wa zamani. Waliamkiana kwa kirefu, hali, watu wa nyumbani, safari, afya, kama inavyopasa. Kisha Mwalimu akauliza kwa nini waliambiwa waje wiki hiyo mahususi na si iliyotangulia.

“Wiki iliyopita yalikuwa bamvua,” nahodha akasema. “Sasa ni maji mafu. Utaona.”

Bamvua na maji mafu yalikuwa neno la 11 na la 12 katika daftari. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kueleza kwamba bamvua ni wakati ambapo bahari hujaa sana na kupwa sana, na maji mafu ni kinyume chake. Nahodha alieleza kwa mkono, akichora juu ya mbao za chombo. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Pwani hii maji huweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Maji yote hayo hupita kwa nguvu katikati ya miamba, yakichukua mchanga na takataka, hata mtu aliye ndani yake haoni mbali na tena huchukuliwa na mkondo. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua na wa mwezi hupingana, bahari husogea kidogo tu, na mchanga hutulia. Mafu, basi, si maji yasiyo na uhai. Ni maji yaliyonyamaza. Mwalimu alichukua kalamu palepale, chombo kikiwa hakijang’oa nanga.

Chombo kilikuwa jahazi lenye mlingoti na foromali, ingawa mashine ndiyo iliyokiendesha. Tanga lilipandishwa baadaye, na kusema kweli lilipandishwa kwa ajili ya picha. Mbali na nahodha palikuwa na kijana wa kuwaongoza wageni majini, mpwa wa jirani yake, aliyemwita nahodha “ami” kwa heshima. Kulikuwa na upepo mdogo wa kaskazi. Wageni wengine sita walikuwa wametoka nchi za mbali. Hawaingii katika habari hii ila kwa jambo moja litakalotajwa.

Pomboo walionekana kabla ya nusu saa. Nahodha ndiye aliyewaona kwanza, akaizima mashine. Kanuni za hifadhi zinakataza chombo kuwafukuza pomboo au kuwakatia njia, na manahodha wanaoziheshimu wamegundua kwamba mnyama huyu asipofukuzwa huja mwenyewe. Walikuwa saba au wanane, wa kijivu, mmoja akiwa na mtoto ubavuni. Kilichomgusa Mwalimu zaidi hakikuwa kuwaona, maana amewaona katika picha mara nyingi, bali kuwasikia. Pomboo akitokeza juu hupumua kwa pumzi moja fupi yenye kishindo, kama mtu aliyetua mzigo. Katika daftari aliandika, “Anapumua kama sisi,” kisha akakata neno “sisi” akaweka “mpagazi.”

Binti alikuwa na hamu ya nyangumi. Hao hupita pwani ya Kenya kati ya Julai na Septemba hivi, wakitoka bahari ya baridi ya kusini kuja kuzaa na kulea katika maji yenye joto. Februari si wakati wao.

Mahali palipokusudiwa ni Kisite. Hiki ni kisiwa kidogo mno, kisicho na watu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisite yenye eneo la kilomita 28 za mraba. Jirani yake ni hifadhi ya akiba ya Mpunguti, kilomita 11 za mraba. Tofauti ya hizo mbili ni muhimu kuliko majina yake yanavyodokeza. Mpunguti uvuvi wa asili unaruhusiwa. Kisite hauruhusiwi kabisa, tangu miaka ya 1970 serikali ilipolitenga eneo hilo. Katika miezi ya kusi ndege waitwao buabua hutaga mayai juu ya kisiwa hicho. Februari waliokuwepo ni ndege wengine, weupe kwa weusi, wenye miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, wamesimama mchangani kama mahakimu.

Mwalimu alivalishwa jaketi la kuokolea, akawekewa miwani mikubwa usoni na mrija wa kupumulia mdomoni. Kijana alikuwa na boya la mviringo lenye kamba. Mwalimu angelishika kwa mikono miwili naye angemvuta. Palipita muda kabla ya kukubali kuweka uso majini. Mtu wa bara aliyefunzwa tangu utotoni kuwa maji ya kina huua hawezi kuvuliwa hofu hiyo kwa dakika tano. Mara mbili aliinua kichwa akakohoa. Mara ya tatu hakuinua.

Miwani ya kuzamia humnyima mtu yeyote uoni wa pembeni. Kila avaaye huona kama anayechungulia dirishani. Bila shaka ndiyo sababu kwa muda wa saa nzima Mwalimu alikuwa sawa na wale wageni sita. Alichokiona wao walikiona, na asichokiona wao pia hawakukiona.

Chini yake, mita 2 au 3 tu, palikuwa na mji. Matumbawe mengine yalitandaza matawi kama pembe za paa, mengine yalikuwa mabonge yenye mikunjo, mengine yalilala kama sahani zilizopangwa kwa rafu. Samaki hawakukimbia. Hilo ndilo linalomgutusha kila anayeingia Kisite kwa mara ya kwanza: samaki wanaendelea na kazi zao. Palikuwa na wa manjano, bapa, wenye mstari mweusi uliopita jichoni, wakitembea wawili wawili. Palikuwa na mmoja mwenye ndevu mbili kidevuni akichimbua mchanga nazo. Kundi la wenye rangi ya majani makavu lilipita likila mwani kwa pamoja kama mbuzi malishoni. Chini ya mwamba alilala mmoja mnene mwenye madoa, mdomo umelegea, na kisamaki kembamba cha buluu chenye mstari mweusi kiliingia mdomoni mwake, kikakaa, kikatoka salama. Kasa aliinuka kutoka kwenye nyasi za bahari, akapiga makasia mara tatu, akapotea. Na wakati wote huo palisikika sauti, trr, trr, kama ya mtu anayetafuna sukari guru. Mwalimu alidhani ni mrija wake.

Walipopanda chomboni wageni walikabidhiwa kadi ya plastiki yenye picha za samaki, na chini ya kila picha jina la Kiingereza na la Kilatini. Wakawa wanaonyesha kwa vidole na kutaja. Kijana aliwajibu kwa ufasaha. Alizijua picha zote. Mwalimu alimsogelea akamuuliza, kwa Kiswahili, jina la yule mwenye ndevu mbili. Kijana akataja jina la Kiingereza. Mwalimu akasema, “La, jina lake.” Kijana akaitazama kadi, kisha akageuka kuelekea tezi. “Ami, huyu mwenye ndevu twamwitaje?”

“Mkundaji,” nahodha akajibu bila kugeuza macho kutoka kwenye usukani.

Hapo ndipo panapostahili kutuliwa. Kijana huyo amezaliwa kisiwani. Kivumba ndicho alichonyonya kwa mamake. Samaki wa Kisite amewaona mara elfu, kwa karibu kuliko babake alivyowahi kuwaona, maana babake aliwaona wakiwa katika dema au mwisho wa mshipi, nao wanapumua pumzi za mwisho. Hata hivyo amewajua kwa lugha ya wageni, kwa kuwa wageni ndio wanaouliza, na kadi iliandikwa kwa ajili yao. Hana lawama. Mtu hujifunza majina kwa anayeyahitaji. Nahodha alijifunza yake kwa mamake aliyetaka kujua ni kipi cha kupaka nazi na kipi cha kukausha, na kwa babake aliyetaka kujua ni kipi kitamchoma mkono akimtoa wavuni. Hifadhi ya bahari imewatunza samaki, na imewatunza vizuri. Majina hayakuwa katika mamlaka yake, kwa hivyo yaliachwa yajitunze yenyewe.

Si vigumu kurekebisha. Kadi yenye mistari miwili ya herufi ina nafasi ya mstari wa tatu. Gharama yake ni wino, na alasiri moja ya kukaa na wazee wa Wasini, Mkwiro na Shimoni kabla hawajaondoka duniani. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu hutuma wanafunzi nyanjani kila mwaka kukusanya methali ambazo zimekwisha kukusanywa na kuchapishwa mara kumi. Wangetumwa mara moja na miwani na mrija.

Njia nzima ya kurudi Mwalimu alikaa tezini karibu na usukani akieleza kile alichokiona, na nahodha akitaja. Bapa wa manjano wanaotembea wawili: kipepeo. Kundi linalochunga mwani: tasi, “na uangalie miiba ya mgongoni, ina sumu, ukichomwa weka mkono katika maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili.” Mnene mwenye madoa chini ya mwamba: chewa. Binti aligundua kwamba mzee huyo hakutaja hata samaki mmoja kwa rangi yake tu. Kila jina lilikuja na tendo: anachofanya, panapomchoma mtu, wakati wa kumpata, namna ya kumpika. Hata kasa alitenganishwa. Kamusi huweza kumpa msomaji kasa na ng’amba kana kwamba ni majina ya mnyama mmoja. Kwa nahodha, kasa ndiye yule wa nyasi za bahari, na ng’amba ni mwingine, mwenye mdomo wa ndege na gamba ambalo zamani lilifanyiwa biashara hadi Uarabuni na kwingineko. Sheria sasa inawalinda wote wawili.

“Na ile sauti ya kutafuna?” Mwalimu akauliza.

“Pono,” nahodha akasema. “Ana meno kama tindo. Anakwangua mwamba, anakula kilichoota juu yake, na jiwe analitoa mchanga. Huu mchanga mweupe mnaousifu ninyi wageni, mwingi wake umepita tumboni mwa pono.”

Mwalimu akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali alilobeba tangu mwaka wake wa kwanza darasani: na usingizi wake?

Nahodha alicheka. Alisimulia kwamba zamani, yeye akiwa kijana, walitoka usiku wa giza na taa ya karabai wakati wa kupwa. Mchana pono hakamatiki kwa mkono, ni mwepesi mno. Usiku hujipachika katika upenyo wa mwamba, hujifunika ute mwembamba kama shuka, na hulala kiasi kwamba mvuvi humwinua kwa viganja viwili na kumtia kikapuni kabla hajazinduka. Wanasayansi nao wameuandika ute huo. Husemekana humkinga na wadudu na maadui wanaomtafuta kwa harufu. Lakini aliyeitunga tashbihi hakusoma popote. Alikuwa na taa, kikapu, na maji yaliyofika magotini.

Miaka 31 Mwalimu alikuwa ameifundisha “usingizi wa pono” kama tashbihi ya kukariri, yenye alama moja katika mtihani. Bintiye anasema hakumwona akiandika lolote kuhusu hilo siku ile. Alifunga daftari, akakaa akitazama maji.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuisifu bahari. Ila nahodha alikuwa na jambo jingine, nalo alilisema jioni barazani, baada ya wali wa nazi na kaa. Kisite ilikuwa malisho yao. Babake alivua huko. Kila mwamba ulikuwa na jina, kama mashamba yalivyo na majina huko bara, na mtu alijulikana kwa miamba aliyoijua. Ilipotengwa, wavuvi hawakuulizwa kwa namna waliyoiona kuwa ni kuulizwa. Wapo waliobaki na hasira hadi wanakufa. Yeye mwenyewe alihama kutoka mshipi hadi utalii kwa sababu ya watoto, na hakatai kwamba samaki wa ndani ya hifadhi ni wakubwa na wengi, tena huvuka mpaka wakawafikia wavuvi wa nje. “Lakini mwamba usiouvulia huuiti jina,” akasema. “Na usipouita jina, mwanao hataulijua.” Mwaka 2020 wageni walipokatika kwa sababu ya korona, baadhi ya vijana wa vyombo walirudi kwenye uvuvi na kugundua kwamba hawakujua pa kutega.

Mwalimu hakumjibu. Anatoka katika nchi ambayo watu wake nao waliwahi kutengwa na ardhi na misitu yao kwa amri iliyoandikwa kwa lugha nyingine, na jambo hilo halihitaji ufafanuzi kati ya wazee wawili.

Tena yapo yale ambayo hakuna hifadhi inayoweza kuyazuia. Tumbawe ni mnyama, au tuseme jamii ya wanyama wadogo wengi wanaojijengea nyumba ya chokaa na kuishi na vijimea ndani ya miili yao. Vijimea hivyo ndivyo vinavyowapa chakula kingi na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, vijimea hutolewa, tumbawe hupauka likawa jeupe kama mfupa, na joto lisipopungua hufa. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa namna hiyo. Kupauka kulirudi mwaka 2016, na Aprili 2024 ilitangazwa kwamba dunia nzima imo katika kupauka kwa nne. Nahodha aliuona mwaka 1998 kwa macho yake. Alidhani ni sumu iliyomwagwa. Binti, kwa tabia ya wanaisimu, aliuliza kama si haki tumbawe lihamishwe kutoka ngeli ya LI-YA hadi A-WA, maadamu linakula, linazaa na kufa. Mwalimu alisema sarufi haitaliokoa. Hilo lilikuwa jibu la haraka. Pengine swali lilistahili zaidi.

Siku ya tatu maji yalikuwa yamekupwa, wakaenda kuiona bustani ya matumbawe ya kale nyuma ya kijiji, ambapo kikundi cha wanawake wa Wasini kilijenga njia ya mbao inayopita juu ya mawe na katikati ya mikoko. Mama aliyewatembeza hakuwa na kadi. Alitaja miti alipoipita: mkoko wenye miguu mingi, unaotoa boriti, mkandaa, ambao ganda lake hutiwa rangi, mchu, unaochomoza vidole vyake matopeni ili upumue. Kamusi ingesema “aina ya mti.” Mwalimu alitembea polepole. Kwenye mwangaza mkali wa pwani alikuwa akigonga bega kwenye ukingo wa kushoto wa njia, na binti akahamia upande huo bila kusema neno.

Gatini, wakingoja chombo cha kuwavusha, daftari lilifunguliwa mara ya mwisho. Nafasi 29 zilikuwa zimejazwa. Mwalimu aliongeza mstari wa 47, kwa ajili ya kile kisamaki cha buluu kilichoingia mdomoni mwa chewa na kutoka salama. Kijana alilijua jina la Kiingereza: humaanisha kwamba kazi yake ni usafi, kwa sababu huwala wadudu wanaowasumbua samaki wakubwa, nao kwa hisani hiyo hawamli. Nahodha alifikiri sana.

“Huyo hajapata kuingia jikoni kwetu,” akasema. “Sina jina lake.”

Binti akapendekeza waliunde: msafishaji, msugua meno, chochote. Mwalimu akakataa katakata. Jina la samaki wa Kisite, alisema, haliwezi kutungwa na mtu wa milimani aliyekaa siku tatu. Nahodha akaahidi kumuuliza mzee mmoja wa Mkwiro, upande wa pili wa kisiwa, ambaye alivua kwa dema kwa zaidi ya miaka 50, na mvuvi wa dema huwaona hata wale asiowala.

Simu ilipigwa mwezi wa Aprili, kusi likiwa limeanza. Mzee wa Mkwiro amesema jina analo. Ila hatalitoa kwa simu. Mwenye daftari na aende akaulize mwenyewe. Binti ameanza kupeleleza nauli za Agosti, nyangumi wanapopita, na nahodha ameonya kwamba mwezi huo bahari ni chafu na Mwalimu atatapika.